Kiuno Tu, Daktari

Mjukuu wangu Mwanaidi, mke mwenzangu wa utani,

Samahani nimechelewa kukujibu, mtoto hanipi nafasi. Hapa Mlingotini sote wazima.

Unasema tangu ugongwe na pikipiki unakojoa damu, na unaona haya kumwambia daktari. Mimi bibi yako kwa ukoo tu, umri ni dada, basi nisikilize. Nilipogongwa mimi, mama alinisemea: "Kiuno tu, daktari." Picha ikaonyesha mifupa mizima. Nesi ndiye aliyeuliza, "Mkojo je?" Nikanong'ona, "Damu." Kumbe kibofu kimechanika. Wakanipasua, wakakishona, nikakaa na mpira wa mkojo mpaka kikapona. Leo nanyonyesha.

Rudi hospitali leo hii, useme damu. Kisha nitumie nepi, mafuta ya mtoto, na ujumbe kwamba umesema.

Bibi yako, Zuhura