Saa Mbili na Nusu kwa Ndege

Jumatatu, 9 Juni
Nimepika bukari tena, ugali wetu. Mabonge matupu. Nimekula hivyo hivyo. Baridi ya asubuhi hapa mtaani Annexe inauma, vumbi limeingia hadi kitandani. Siku ya nne tangu mke wangu Georgette aende Kinshasa kupasuliwa uvimbe kifuani. Binti yetu Nicole anaishi huko. Mimi nimebaki. Nilisema nyumba haiwezi kuachwa bila mtu, wezi wamezidi. Uongo. Naogopa ndege.

Jumanne, 10 Juni
Hapigi simu. Nami sipigi. Siku ya kuondoka sikumsindikiza hata uwanja wa ndege, nilijifanya nina hasira ili asinisihi twende wote. Kutoka hapa hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano. Nimefanya kazi kwenye reli miaka thelathini: treni mpaka bandari ya Ilebo, kisha boti mtoni, ni majuma, Mungu akipenda. Kwa ndege, saa mbili na nusu tu. Basi sina cha kusingizia. Najiona mjinga.

Jumatano, 11 Juni
Nicole ameandika: mama anaingia kupasuliwa kesho saa tano asubuhi. Nitapiga kabla. Lazima nimwombe msamaha. Akiingia na hasira yangu moyoni, kisha asitoke?

Alhamisi, 12 Juni
Tangu alfajiri simu mkononi. Naandika namba yake, nafuta. Saa nne ikapita. Kiburi, au woga, sijui. Mara saa tano kamili. Nimechelewa. Nikaketi mlangoni nikalia, mzee mzima. Mama Ntumba, jirani anayeuza makaa, akaniona. Nikamweleza. Akapiga makofi kwa mshangao.

"Kule njo kwanza saa ine, Papa Albert! Kinshasa beko nyuma yetu na saa moya. Piga!"

Najua hilo tangu utoto. Leo lilinitoka kabisa. Nikapiga. Akapokea mwenyewe.

"Ulisha kulya?"

Kama nimeshakula: hilo ndilo la kwanza aliloniuliza. Nikasema, "Georgette, unisamehe. Miye naogopa avion."

Akacheka mpaka akakohoa. "Ile nilijuaka tangu zamani, papa."

Kisha wakaja kumchukua.

Ijumaa, 13 Juni
Ameamka. Asante Mungu. Siku nzima sikufanya lolote.

Jumapili, 22 Juni
Nicole amepiga. Mama anakula, anatembea kidogo, ameanza kugombana na manesi. Ni yeye kweli. Lakini daktari amemkataza ndege kwa miezi mitatu, labda zaidi.

Yeye amekatazwa. Mimi hakuna aliyenikataza.

Nicole hakuniuliza kama nitakwenda. Limeniuma kuliko kama angeuliza. Baada ya misa nilikaa uani, juani. Watu walipita wakanisalimu. Nikaitikia. Ya tiketi sijaulizia.