Kamba ya Dungu Lako

Bibi yangu,

Mungu akurehemu huko uliko. Shikamoo ya leo naileta juu, usawa wa uso wako, kwa sababu sasa najua.

Unakumbuka nilivyokuwa nikipiga magoti kukusalimu, mkono wangu ukabaki hewani bila kupokelewa? "Mke mwenzangu," ulikuwa ukisema, "unanisalimia kutoka shimo gani?" Tulicheka. Majirani walisema unaringa. Hukuwa unaringa, Bibi. Mkono hukuuona, na hukumwambia mtu.

Mwaka huu mdogo wangu Zuhura alianza kupiga teke ndoo zilizo miguuni pake, na jua likielekea kuzama ananishika gauni. "Macho unayo ya nini?" Mama alimgombeza, hadi mwalimu aliposema tumpeleke kwa daktari wa macho. Tukatoka Maparoni kwa boti, tukapanda gari mpaka Kibiti na kuendelea mbele.

Daktari alipiga picha ya nyuma ya jicho, akatuonyesha. Bibi, ndani ya jicho mna mto. Unatoka mahali pamoja, unagawanyika, na matawi yake yanagawanyika tena, kama Rufiji inapoikaribia bahari. Nilisahau kupumua. Pembeni palikuwa na madoa meusi. Alisema hapo utando unaopokea mwanga unakufa polepole, kuanzia kingoni, hadi mtu aone kama anayechungulia tunduni. Akauliza kama yuko mwingine katika ukoo.

 Mama akamjibu, "Mama yangu," akalia.

Ni ugonjwa wa kurithi. Mama na Baba, kwa kuwa ni binamu, wote wameubeba bila kuugua, ukakutana kwa Zuhura. Namtazama Mama akipepeta mchele na kustaajabu: kitu kidogo hivyo kimekaa ndani yake miaka yote, kimya. Huenda na mimi ninacho.

Daktari alisema dawa ya kumponya hana, ila watu wanaitafuta. Natumaini. Lakini Mama aliamua Zuhura aache shule, abaki ndani asije akaumia.

Ndipo nikaikumbuka kamba yako, ile iliyotoka kwenye ngazi ya dungu, kile kibanda chako cha juu shambani, hadi kisimani. Sisi tuliianikia nguo, ukatufokea. Ulipofariki tukaifungua, tukamfungia mbuzi. Hakuna aliyejiuliza ulivyokuwa ukichota maji peke yako msimu mzima wa kuwinga ndege wasile mpunga.

Jumamosi mbuzi nilimtafutia kamba nyingine. Yako nikairudisha. Jua likizama, Zuhura aliishika, akashuka ngazi, akaenda. Mama alikaa juu ya dungu akiitazama kamba mpaka ndoo iliporudi imejaa.

"Na shuleni," Mama akaniuliza taratibu, "kutoka darasani hadi chooni ni hatua ngapi?"

"Arobaini na mbili," nikamjibu. Nilikuwa nimeshazihesabu.

Pumzika, Bibi. Kamba tunaisuka.

Mjukuu wako,
mke mwenzio