Mwisho wa Fundi Saa

Mdogo wangu mpenzi,

Huku tuko salama, tunazeeka na kucheka. Umeniomba filamu nzuri zisizojulikana. Anza na ile ya fundi saa na jirani yake mjane. Enzi nilipokuwa nikiendesha mashine ya kuonyeshea filamu pale sinema, hata safu moja ya viti haikujaa. Mtazamaji mkuu nilikuwa mimi.

Jana tuliitazama tena. Yaani shemeji yako alitazama na kunisimulia, maana macho yangu yamegoma kabisa. “Anafungua dirisha. Koti lake halimkai hata kidogo.” Mwisho wake ni muziki mtupu, hakuna anayesema neno. Akaniambia fundi amerudi nyumbani, wanakunywa chai na yule mjane.

Filamu ile naijua fika. Fundi hufa.

Nikamwambia, “Nilishasahau kwamba inaisha vizuri hivyo.” Akanishika mkono.

Itazame yote. Ila ukija kwetu, fundi yu hai.

Kaka yako