Folda ya Mama Mkwe na Kile Kimshale

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Jumamosi, maana nimejitia utaalamu nisio nao. Mimi ni fundi wa makochi, mtu mzima mwenye kitambi na miwani iliyoungwa kwa gundi, na kompyuta yetu ya karakana imejaa picha za makochi hadi kuwaka kwake ni kwa kubembelezwa, sasa fundi wa kompyuta katufungia diski ya pili, akasema nihamishie huko vyote tunavyovipenda kwa sababu Jumamosi anakuja kuifuta ile ya zamani yote. Humo kuna folda ya mke wangu yenye sauti za marehemu mama yake, alizomrekodi jikoni, naye huzifungua akikunja nguo na kumjibu kana kwamba yupo, hasa ile ambayo mama mkwe anauliza, "Mzee wa Sponji amekula?" maana ndivyo alivyoniita tangu siku ya posa. Mke wangu alinionya, "Baba watoto, ya mama usiiguse, nitaihamisha mwenyewe nikipata nafasi," lakini nafasi hana, nami nikaona nimpunguzie kazi, nikaiburuta kwa kitufe cha kulia cha kipanya, taratibu kama nabeba mtoto aliyelala, nikabonyeza mojawapo ya machaguo yaliyojitokeza, ikatua kwenye diski mpya ikiwa na kimshale kidogo pembeni, nikajua ndiyo alama ya kwamba imehama, nikaifungua, mama akaongea vizuri kabisa. Jioni mke wangu akauliza, "Hujagusa ya mama?" Nikajibu, "Sijagusa," na tangu hapo hata chai hainishuki. Je, nikiri, au ninyamaze kwa kuwa kazi imekwisha salama?

Mzee wa Sponji

*

Mzee wa Sponji, weka kikombe chini unisikilize. Kazi haijaisha, haijaanza hata kidogo. Kile kimshale ni kibao tu cha kuonyesha njia. Folda yenyewe iko palepale kwenye diski ya zamani, na mama anaongea kutoka huko. Fundi akiifuta, utabaki na kibao kinachoelekeza kwenye kiwanja kitupu. Kwa hiyo ulipomwambia mkeo hujagusa, ulisema kweli bila kujua. Hata kudanganya kumekushinda, baba.

Najua ulitaka kumsaidia. Lakini ulikatazwa, tena kwa upole, ukajifanya hukusikia.

Sasa hivi mpigie fundi, asije mpaka mmwite. Kisha mweleze mkeo yote, na kimshale usikiruke, akicheka, vumilia. Kaeni pamoja, kipanya ashike yeye. Ainakili folda yenyewe kwenye diski mpya, asikate chochote, mfute hicho kimshale, halafu mlinganishe ukubwa wa folda zote mbili. Zikilingana, wekeni nakala nyingine kwenye flashi, ikae kabatini.

Diski ya zamani ikishafutwa, fungueni ile sauti ambayo mama anakutaja. Mama akiuliza kama umekula, mjibu wewe mwenyewe. Mkeo amemjibu peke yake muda mrefu.