Salamu kwa Shefu Toka Osaka

Moubarak, sikia yaliyonipata leo kwenye redio yangu.

Nilikuwa nagonga Morse na Mjapani wa Osaka, ti-ta-ti zangu za kila siku. Shefu wa mtaa akaingia na polisi wawili, akashika waya wa antena: "Hii tunang'oa leo! We unapeleka siri gani?"

Nikampa kibali cha redio. Hakukisoma. Nikampa daftari la mazungumzo: majina, mvua, nakusikia vizuri.

"Miezi mbili unajenga antena juu ya kumwambia mutu kama mvua inanyesha?"

Ndiyo, shefu.

Akafunga daftari. Kisha, Moubarak, kisha: "Na mimi, ananijua?"

Nikagonga jina lake. Osaka ikajibu: salamu kwa shefu.

Antena imebaki. Polisi waliokuja kuing'oa wameketi uani, kila mmoja anasubiri jina lake lifike Japani.