Bisi Ulizonifundisha Wodini

Athieno mwanangu,

Jana nilimfundisha mdogo wako Nyadoi kufuma bisi. Nataka usikie habari hii kutoka kwangu, maana nilikuwa nimekataa muda mrefu, naye akadhani namfanyia choyo.

Mimi ulinifundisha wodini pale Tororo. Maumivu ya selimundu yalikuwa yameingia kwenye vidole vyako, vimevimba hata kijiko kikakushinda. Kitambaa cha meza cha yule mteja wako wa Busia kilikuwa kimefika katikati. Ukaniambia, "Mama, shika wewe kroshia. Mimi nitakuwa mdomo."

Nilijua kufuma kitambaa bapa tu. Wewe ulitaka bisi, vile vinundu vinavyofura juu ya kitambaa kama mahindi yaliyopasuka. Ukanielekeza: fuma nguzo kadhaa, ile mishono mirefu, kwenye tundu moja, toa kroshia, ichomeke kwenye nguzo ya kwanza, vuta kitanzi. Vyangu vililala tu. Ukasema, "Unakaza sana, Mama. Unafuma kama unafunga mbuzi." Tulicheka, mpaka ukashika kifua.

Kinundu cha kwanza kiliposimama sawasawa nilikuinulia ukione. Macho yako yalikuwa wazi kidogo. Nikadhani unakitazama. Nikawa nakueleza jinsi nilivyolegeza uzi, naeleza tu, mpaka mama wa kitanda cha jirani akaja akanishika mikono.

Tulikuzika nyumbani Petta, mvua ikinyesha. Tangu siku hiyo baba yako huenda shambani na kurudi bila neno. Kroshia niliifungia kwenye sanduku.

Halafu Nyadoi akaanza kulalamika kuwa miguu inamuuma. Nikasema ni kukua. Baba yako hakubishana nami. Alimpakia kwenye baiskeli akampeleka kupima. Waliporudi, alisimama mlangoni na kofia mkononi, nikajua. Ni ugonjwa ule ule, mwanangu.

Nyadoi akaniuliza, "Nami nitakufa kama Athieno?"

Nikamwambia sijui.

Akasema, "Basi nifundishe bisi."

Nikakataa. Sikuweza kumwambia sababu. Niliogopa kuinamia uzi tena huku mtoto ananiondokea pembeni. Kila alipoomba nilijifanya nina kazi jikoni.

Jana nilimkuta amefungua sanduku mwenyewe, amekaa mkekani anahangaika na kroshia, machozi yanamtoka. Nikaketi. Nikamshika mkono, nikamwelekeza kwa maneno yako, maana mengine sina. Vinundu vyake vilisimama mara moja. Ana mkono mwepesi kuliko mimi, labda kuliko wewe pia. Alifuma mstari mzima, na mimi sikutazama uzi. Nilimtazama yeye usoni muda wote, mpaka akaniuliza kama ana uchafu.

Sasa sikiliza, Athieno. Kliniki nitampeleka, mvua inyeshe au jua liwake. Dawa atameza mbele yangu. Akisema anaumwa sitamwambia ni kukua. Na akiniuliza tena lile swali nitamjibu ukweli ninaoujua, hata ukiwa mdogo, wala sitakimbilia jikoni.

Wewe pumzika, mwanangu. Baba yako amepalilia kaburi lako leo asubuhi, na kwa mara ya kwanza alikutaja kwa jina.

Mimi mama yako.