Ya Nyuma Usitoboe

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele.
Jumanne, tarehe 14.

Mpendwa Dada,

Kwa heshima na taadhima, na baada ya vikao vitatu vya familia ambavyo mwenyekiti, katibu na mtoa chai nilikuwa mimi mwenyewe, ninayo furaha kukutangazia rasmi kwamba spika mbili za redio zimepata makao ndani ya kigari cha Baba. Wananchi wote mnaombwa kuwa watulivu.

Mwananchi pekee asiye mtulivu ni mwandishi wa barua hii. Ukiona herufi zimekaa kama vifaranga waliomwona mwewe, usiseme ni uzee. Ni mambo ya Jumamosi.

Lakini nimeanza kwa habari kabla ya salamu, na Mama angenifinya sikio. Hujambo, Dada? Shemeji hajambo, na goti lake limeacha kutabiri mvua? Wapwa zangu je, bado wanakula kama wamefunguliwa kutoka jela? Huku sisi hatujambo. Zamani neno hilo nilikuwa nikilitupa tu kama ganda la ndizi. Siku hizi nikiulizwa, natazama kwanza nani yuko chumbani, nahesabu vichwa, ndipo najibu.

Mama ni mzima. Nalisema mapema ili usisome barua hii umesimama.

Unajua sikio lake la kulia lilishafunga duka siku nyingi. Mwezi uliopita daktari wa masikio alisema na la kushoto nalo limeanza kukusanya virago. Huenda mwaka usiishe kabla nalo halijafunga. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwomba arudie kwa sauti, kisha akanigeukia mimi. "Basi nataka muziki ndani ya gari la baba yako," akasema. "Miaka thelathini nimesikia injini tu. Sitaki injini ndiyo iniage."

Ungekuwa wewe ungefanya nini? Spika nilizinunua siku hiyo hiyo.

Kununua kulikuwa rahisi. Kazi ni pa kuziweka. Kigari chenyewe unakijua: milango miwili, viti viwili, paa la turubai, na kiko chini kiasi kwamba mtu akiingia unadhani amemezwa. Waliokibuni walifikiria mbio. Muziki hawakuufikiria hata kidogo. Nikamwita fundi redio, yule tunayemwita Mawimbi, akakizunguka akikigonga kwa kifundo cha kidole kama anayechagua tikiti maji.

"Tuweke milangoni," akasema. "Mama anakaa kushoto, sikio zima ni la kushoto, mlango uko pale pale. Umeshaisha mchezo."

"Milango marufuku. Ngozi hiyo Baba aliishona kwa mkono wake."

"Dashibodi?"

"Ukitoboa mbao ile, marehemu atafufuka."

"Basi spika zako zivae shingoni, mzee."

Nikamwonyesha ule ukuta mwembamba nyuma ya viti, uliofunikwa kapeti. Ni karibu na masikio, hauna ushonaji wa Baba, na hakuna anayeuona. Mawimbi akaugonga, akainamisha kichwa, akagonga tena. Hakuupenda. Akasema kabla ya kuugusa lazima tujue upande wa pili kuna nini, na kwamba Jumatatu atakuja na taa tufungue tutazame. "Mpaka hapo mikono mfukoni," akaniambia, kama vile mimi ni mwanafunzi wake na si mtu mwenye mvi mpaka kwenye nyusi.

Sasa Dada, tuje kwako. Ijumaa nilikuandikia kwenye simu kwamba nahangaika na spika, kwamba ya mbele nimeyaona yote na hayafai, na sasa nafikiria ya nyuma. Ukanijibu maneno matatu: "Ya nyuma usitoboe."

Naapa nilikaa kitako. Nikajua unasema juu ya ile asubuhi ulipokuwa na miaka kumi na tisa, ulipokichukua kigari bila ruhusa, ukakipigisha nguzo ya geti, na Baba akaenda kugombana na jirani mwenye mkokoteni wiki nzima. Mambo ya nyuma, Dada! Nikasema masikini, dada yangu yuko mbali huko, amesikia Mama na mimi tunashinda pamoja garini, anaogopa nitaitoboa siri yake. Ndipo nikakujibu: "Sitoboi. Niamini." Nawe ukanitumia kidole gumba.

Wewe uliyekuwa ukimshikia Baba tochi ulijua kilichoko nyuma ya ukuta ule. Mimi niliyekuwa nikitumwa kuleta maji ya kunawa sikujua. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nilisikia, tena nikalijibu kwa adabu. Kulielewa ndiko kulikonishinda.

Jumamosi saa nne asubuhi nikamwingiza Mama kwenye kiti chake. Nilishika spika moja nyuma yake, ikiwa na waya mrefu wa redio, yeye akawa ananiongoza: "Panda. Shuka kidogo. Hapo! Hapo inanong'ona vizuri." Nikatia alama ya chaki. Nikamwomba ashuke ili nitoboe. Akakataa. Kuingia katika kiti kile ni safari na kutoka ni safari nyingine, akasema, na yeye hana nauli ya zote mbili kwa siku moja. "Toboa nikiwa hapa hapa. Si masikio yenyewe hayasikii kelele?"

Nikachomeka drili ya umeme kwenye soketi ya barazani. Nikabonyeza kile kitufe kinachoifanya ijiendeshe yenyewe bila kushikiliwa, kwa kuwa kidole changu kina baridi yabisi. Ukuta ukatoboka kama karatasi. Nyuma yake nikagusa kitu kingine, kigumu kidogo, nacho kikakubali.

Ni tangi la petroli, Dada. Liko limesimama pale, upana wa kidole nyuma ya viti. Nilikuwa nimelijaza siku iliyotangulia.

Ikatoka kwa mruko. Ikanipiga kifuani, ikarukia kapeti, ikashuka nyuma ya kiti cha Mama. Na ile drili, ukiitazama kwenye matundu yake ya pembeni, huwa ina vijicheche vya buluu vinavyocheza ndani. Nimevitazama miaka mingi nikiviona vizuri tu. Siku ile nilivitazama nikaona mazishi.

Basi nikachomoa waya, nikamnyanyua Mama, nikamtoa nje hadi getini. Hakuna kilichowaka. Majirani wakaja na mchanga. Ndiyo hivyo.

Jumatatu Mawimbi alikuja na taa yake, akachungulia tundu, akakaa chini. Hakunitukana, na hilo ndilo lililonitisha zaidi, maana yule mtu hutukana hata betri. Tangi limetolewa na liko kwa fundi wa kuchomelea, ambaye naye amekataa kuliletea moto karibu mpaka lioshwe na kuanikwa siku tatu. Spika zimekaa ndani ya kisanduku cha mbao chini ya dashibodi, upande wa kushoto, zimeelekezwa juu kwenye sikio zima. Kisanduku kimekazwa kwa mkanda. Hakuna tundu hata moja. Laiti tungelifikiri hilo mapema, lakini tulikuwa tunatafuta pa kutoboa, na anayetafuta pa kutoboa hupaona.

Jana Mama alikaa garini saa mbili nzima, gari halina tangi wala haliendi popote, akisikiliza. Alikuwa anapiga goti kwa kiganja. Mimi nilisimama mlangoni kwa nje na ndoo ya mchanga. Aliniuliza kama nauza.

Harufu haijanitoka. Nimeoga mpaka sabuni imekonda, lakini petroli iko kwenye taulo, iko kwenye mkate, iko kwenye karatasi hii, inuse uniambie. Wifi yako akiwasha kiberiti jikoni nasimama. Jana mtu aliwasha sigara ng'ambo ya barabara, nikamsindikiza kwa macho mpaka alipopotea.

Msalimie sana Shemeji, na wapwa zangu wote wawili, yule mrefu na yule mlafi. Msalimie Mama Mdogo ukimpigia simu. Mwambie sikio la dada yake bado linapokea wageni. Wifi yako anakusalimu na anasema drili ameificha, na kwamba nisijisumbue kuitafuta.

Hapa ndipo nilipotia sahihi asubuhi. Nikaikunja barua, nikaikunjua. Hapo juu nimekuandikia mstari usio wa kweli, ule wa kuchomoa waya, na wewe ungeusoma ungenisifu. Naogopa sifa zako kuliko nilivyoogopa ule moto ambao haukuwaka.

Sikuchomoa waya. Petroli iliponipiga niliiachia drili, ikaanguka kwenye kapeti ikiendelea kuzunguka, nami nikakimbia. Sikumtazama Mama. Sikumwita. Mguu ulinasa kwenye ule waya, nikaanguka kifudifudi, na katika kuanguka ndiko plagi ilikochomoka. Drili ikanyamaza. Watu wanasema niliizima kwa akili. Niliizima kwa kisigino, nikiwa njiani kuokoa nafsi yangu.

Nikainuka nikaendelea. Kutoka kigarini hadi getini ni hatua kumi na tisa, leo nimezipima. Nilizimaliza zote. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo, komeo limeshafunguka, ndipo nikamsikia.

Hakupiga kelele. Alikuwa amekaa vile vile, kichwa amekiinamisha upande wa kushoto, anasubiri. Akasema kwa ile sauti yake ya juu ya mtu asiyejisikia: "Bado, mwanangu. Sijasikia kitu." Halafu akasema: "Umefungua dirisha? Mgongo wangu unapoa."

Gauni lote la nyuma lilikuwa limelowa, Dada.

Nilirudi. Nilimnyanyua kama gunia, nikamkwaruza mkono kwenye mlango, akanigombeza. Tukatoka kupitia geti lililokuwa wazi tayari. Na kwa kuwa lilikuwa wazi tayari, Mama amewaambia majirani wote, na Mawimbi, na daktari wa masikio kwa simu, kwamba mwanawe alikuwa na akili ya kukimbilia geti kwanza ili amfungulie njia. Kila anaposema, ananishika mkono. Nami sijamsahihisha.

Sikukimbilia geti ili nimfungulie njia. Nililikimbilia ili nitoke.

Mungu akuweke mahali ambapo hutapimwa kwa ghafla, na ukipimwa, miguu yako iwe na adabu kuliko yangu.

Mdogo wako akupendaye sana, aliyerudi lakini akachelewa hatua kumi na tisa,

Kitindamimba